Rangi za Simu Zimeharibika: Ni Kamera, Ni Kioo, au Ni WhatsApp?

Ukimpelekea fundi simu ukamwambia tu kwamba "rangi haziko sawa", umemwachia achague mwenyewe cha kukuuzia, na kitu chepesi kuuza ni kioo. Kariakoo mitaa ya Aggrey na Msimbazi, au Luthuli Avenue pale Nairobi, kioo hubadilishwa ukiwa umesimama. Unaondoka na kioo kipya, unafika nyumbani, unapiga picha, na njano ni ile ile. Kumbe shida ilikuwa taa ya sebuleni.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, linganisha dalili. Rangi unayoiona kwenye simu imepita sehemu tatu: kamera iliyoipokea, programu zilizoikokotoa na kuisafirisha, na kioo kinachokuonyesha. Kila sehemu huharibu rangi kwa namna yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Kamera au kioo?

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Fungua ukurasa mweupe mtupu, piga skrinishoti, itume kwenye simu ya mtu mwingine. Skrinishoti haikipigi picha kioo. Inanakili kile ambacho mfumo wa simu umekichora kabla hakijafika kwenye kioo. Ndiyo maana hata mtu ambaye kioo chake kina mstari wa kijani toka juu hadi chini, skrinishoti yake hutoka safi. Kama ukurasa kwako ni wa manjano na kwa mwenzako ni mweupe pe, kamera iondoe kwenye orodha ya watuhumiwa. Kosa liko kwenye kioo, au kwenye mpangilio unaokibadilisha rangi.

Kipimo cha pili kinahitaji simu mbili na karatasi nyeupe. Tokeni nje mchana, wekeni karatasi mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, kila simu ipige. Kisha badilishaneni picha, halafu kila picha itazamwe kwenye simu zote mbili. Picha yako ikiwa na rangi ya ajabu kwenye simu zote mbili, na ya mwenzako ikawa sawa kwenye zote mbili, basi kamera yako ina jambo. Picha zote mbili zikiwa na rangi ya ajabu kwenye simu yako tu, kioo chako kina jambo. Na zikiwa zote sawa kila mahali, mlipo palikuwa na mwanga mzuri, na tatizo lako la siku zote ni mwanga wa pale unapopigia picha. Hilo la tatu ndilo linalotokea zaidi kuliko watu wanavyotaka kukubali, kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Kioo: mpangilio au ubovu?

Hapa kuna kanuni moja inayookoa pesa nyingi. Mpangilio hupaka kioo kizima sawasawa, kona hadi kona. Ubovu huwa na umbo: mstari, doa, kivuli, ukingo, kona moja iliyofifia. Ukiona njano imetanda sawa kila mahali, ingia kwenye mipangilio kwanza. Ukiona kitu chenye mpaka, mipangilio haitakusaidia.

Njano iliyotanda sawa, hasa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, kwa kawaida ni kipengele cha kupunguza mwanga wa bluu. Kwenye iPhone kinaitwa Night Shift, kipo tangu iOS 9.3 ya mwaka 2016. Kwenye Android nyingi ni Mwanga wa Usiku, na Samsung wana jina lao, Eye Comfort Shield. Vyote vinaweza kuwekewa ratiba, na ratiba hiyo mtu huiwasha siku moja akaisahau mwaka mzima. iPhone 8 na iPhone X za mwaka 2017 zikaongeza True Tone, ambayo inasoma mwanga wa chumba na kukifanya kioo kiendane nao. Chini ya balbu ya manjano, kioo nacho kinakuwa na unjano. Si ubovu, ila kama kazi yako ni kuangalia rangi za vitambaa au kuhariri picha, izime.

Simu yote kuwa ya rangi nyeusi na nyeupe ghafla huwatisha watu kweli kweli. Mara nyingi ni hali ya wakati wa kulala ya Android, ambayo huondoa rangi ili uichoke simu ukalale. Isipokuwa hiyo, tazama kwenye ufikivu (Accessibility), sehemu ya usahihishaji wa rangi au vichujio vya rangi. Kuna mahali pa tatu ambapo wachache hupafikiria: chaguo za wasanidi programu (Developer options), kuna mstari wa kuiga aina za rangi. Mtoto akichezea simu akagusa pale, unaweza kuzima na kuwasha hadi betri iishe bila kupata jibu. Rangi zikiwa kinyume kabisa, nyeusi imekuwa nyeupe na nyuso za watu zimekuwa bluu, huo ni ugeuzaji rangi, nao uko kwenye ufikivu.

Halafu kuna rangi kali kupita kiasi. Samsung zenye AMOLED hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya Vivid, inayozitia rangi chumvi. Majani yanakuwa kijani cha kuumiza macho, shati jekundu linawaka. Kwa kutazama video ni raha, kwa kazi ya rangi ni uongo. Nenda kwenye mipangilio ya skrini, hali ya skrini, chagua Natural. Siku ya kwanza utaona kama simu imefifia. Vumilia kidogo, macho huzoea.

Ukitaka kuhakikisha zaidi, izime simu kabisa kisha iwashe ukiitazama nembo ya kampuni inapotokea. Wakati huo vipengele kama Mwanga wa Usiku bado havijaamka. Nembo nyeupe ikiwa na unjano au ukijani, au mstari ukiwa tayari upo, tatizo liko kwenye kioo chenyewe au waya wake. Nembo ikiwa safi na rangi ikaharibika baada ya simu kufunguka, rudi kwenye mipangilio.

Ipo hali moja inayovunja kanuni yangu ya umbo, nayo haifai kusahaulika. Mwaka 2020 baadhi ya iPhone zilikuwa na ukijani uliotanda kioo kizima, na watu wakaanza kuulizia vioo vipya. Apple wakatoa iOS 13.6.1 mwezi Agosti mwaka huo, wakieleza kwamba ni hitilafu ya usimamizi wa joto, na sasisho likairekebisha. Kwa hiyo kama ukijani umetanda na hujasasisha simu yako, sasisha kabla hujaenda popote. Bando la mfumo mzima ni kubwa, ndiyo, lakini ni dogo kuliko kioo.

Sasa ubovu wa kweli. Kwenye vioo vya OLED (AMOLED ni aina yake) kila pikseli, yaani nukta ndogo ya kioo, inajitengenezea mwanga wake, na pikseli za bluu huchakaa haraka kuliko nyekundu na kijani. Ndiyo maana simu iliyokaa miaka mingi kwenye dereva wa teksi mtandao, ramani ikiwa wazi kutwa nzima, hubaki na kivuli cha vitufe vya ramani hata ukifungua kitu kingine. Hakuna programu ya kukifuta kivuli hicho. Zipo apu zinazodai kufanya hivyo kwa kupigapiga rangi kwenye kioo usiku kucha. Zinachofanya ni kuzichakaza pikseli zilizobaki ili zifanane na zile zilizochoka. Google walionja joto hili kwenye Pixel 2 XL mwaka 2017: wateja walilalamikia vivuli na kioo kinachogeuka bluu ukikitazama kwa ubavu, na kampuni ikaongeza dhamana ya simu hizo hadi miaka miwili.

Doa jeusi au la zambarau linalotanuka siku hadi siku baada ya simu kuanguka ni OLED iliyopasuka ndani, hata kama kioo cha juu hakina mkwaruzo. Hilo halirudi nyuma. Hamisha picha na namba zako mapema, wakati bado unaona pa kubonyeza. LCD, aina ya kioo inayomulikwa na taa iliyo nyuma yake, nayo ina magonjwa yake: alama nyeupe za mviringo mahali palipokandamizwa, ukingo unaovuja mwanga, au kona yenye manjano. Haya huudhi tu, hayaui simu. Ningeyaacha.

Kamera: mwanga, programu au sensa?

Kwa kamera, anza na ulinganisho ambao simu yako inaufanya yenyewe. Simu nyingi za leo zina lenzi mbili au tatu nyuma na moja mbele. Simama mahali pamoja, piga kitu kimoja kwa kila lenzi. Rangi ikiharibika kwenye lenzi moja tu, kamera hiyo moja ndiyo mgonjwa, au kuna uchafu, mvuke, au protekta ya lenzi inayoakisi mwanga. Ikiharibika kwenye zote kwa namna moja, sensa zote (chipu zinazopokea mwanga ndani ya kamera) haziwezi kufa siku moja. Tafuta kwenye mwanga au kwenye programu. Tofauti ndogo kati ya lenzi pana sana na lenzi kuu ni ya kawaida hata kwa simu za bei mbaya, usiihangaikie.

Mwanga sasa. Balbu ya zamani ya waya ina mwanga wa kama kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga), yaani wa manjano; jua la mchana ni karibu 5,500; kivulini siku ya anga safi hupita 7,000, na huo ni mwanga wa bluu. Macho yetu hujirekebisha bila kutuuliza. Kamera hubahatisha: inatazama picha nzima na kukisia ni kipi humo ndani kingepaswa kuwa cheupe. Ikikosa cha kukishika, inapotea.

Anayeuza nguo mtandaoni anaijua shida hii hata kama hajui jina lake. Kitenge chekundu kikijaza fremu nzima, kamera inaona wekundu umezidi, inadhani ni mwanga, inausukuma upande wa pili. Nyekundu inatoka imepooza, karibu na rangi ya matofali. Mteja anaagiza, anapokea, anaandika: "Dada mbona hii si ile niliyoiona?" Dawa ni kuweka kitu cheupe ndani ya picha. Karatasi pembeni ya kitambaa inatosha, ukitaka utaikata baadaye. Au tumia hali ya kitaalamu ya kamera, funga mizani ya weupe (white balance) kwenye mchana, upige nguo zote chini ya mwanga uleule. Kama simu yako haina hali hiyo, Open Camera ni apu ya bure inayokuruhusu kufanya hivyo.

Zambarau ina ukaidi wa pekee. Kwa simu nyingi hugeuka bluu, na ukiirekebisha nyuso za watu zinaharibika. Kama duka lako lina madera ya zambarau, piga picha yake peke yake na uirekebishe peke yake, kisha mwandikie mteja jina la rangi. Sijaona simu inayofanya hili vizuri mara zote.

Linganisha pia aina mbili za mwanga ambazo watu huzichanganya bila kujua. Dirisha likiwa upande mmoja na balbu ya manjano upande mwingine, nusu ya uso ni bluu na nusu ni chungwa. Mpangilio wowote utakaochagua utaokoa upande mmoja na kuuza mwingine. Zima balbu, baki na dirisha. Na zile taa za mduara za bei poa: nyingi ni nyeupe kwa macho lakini zina upungufu wa wekundu ndani yake, hivyo ngozi hutoka kijivu na midomo hukosa uhai. Upungufu huo kamera haiwezi kuurudisha, kwa sababu rangi ambayo haikumulikwa haikufika kwenye lenzi. Kati ya taa kama hiyo na veranda saa nne asubuhi, mimi nachagua veranda.

Mistari ya giza inayotembea kwenye video ndani ya ukumbi si kamera iliyokufa. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Kama kamera yako ina mpangilio wa kuzuia kumeta, uweke kwenye 50. Ukiwa umenunua simu iliyotumika toka Marekani, ambako umeme ni hezi 60, huo ndio mpangilio wa kwanza kuukagua. Kwenye hali ya kitaalamu, kasi ya 1/50 au 1/100 huondoa mistari hiyo.

Kuhusu programu, mtuhumiwa mkuu ni urembo. Simu nyingi za bei ya kati hulainisha na kung'arisha uso kwenye kamera ya mbele bila wewe kuomba. Unajiona umekuwa mweupe kuliko ndugu zako wote, kisha unaambiwa kamera ni nzuri. Shusha urembo hadi sifuri, upige tena ulinganishe. Kampuni zenyewe zimeanza kulitazama jambo hili: Google walileta Real Tone na Pixel 6 mwaka 2021, na Tecno nao wana Universal Tone, zote zikilenga kuonyesha ngozi nyeusi ilivyo. Zimesaidia, ingawa bado naona simu zinazoongeza mwanga kwenye uso mweusi mpaka weusi wake unapotea, kana kwamba giza la ngozi ni kosa la kurekebishwa.

Ili kutenga programu na sensa, piga kitu kimoja kwa kamera ya simu na kwa apu nyingine. Kasoro ikionekana kwa moja tu, futa data ya apu ya kamera au iache. Ikionekana kwa zote, na ina umbo, kwa mfano doa la pinki katikati, ukungu wa zambarau usiohama hata ukigeuza simu, au mistari ya rangi iliyobaki tangu ile harusi yenye taa za leza, hapo sensa au lenzi imeumia. Leza inaweza kweli kuunguza sensa, kwa hiyo usiielekeze kamera huko. Lakini zambarau inayotokea tu pale jua au taa kali inapokuwa ukingoni mwa picha, na kutoweka ukisogea, ni mwakisiko wa ndani ya lenzi. iPhone 5 ilizua kelele kwa hilo mwaka 2012, na jibu la Apple lilikuwa ni kuisogeza kamera au kuukinga mwanga. Jibu halikuwafurahisha watu, ila lilikuwa sahihi.

Picha nzuri kwenye galari, mbaya ikishatumwa

Hii ndiyo kesi inayochanganya zaidi kwa sasa, maana kamera ni nzima na kioo ni kizima. Simu mpya hupiga picha zenye HDR: pamoja na picha ya kawaida, faili hubeba maelezo ya sehemu zipi ziwake zaidi. Galari ikiifungua, anga na vito vinang'aa. Ukiituma WhatsApp au ukiipandisha mahali pasipoelewa maelezo hayo, yanaachwa, na picha inafika ikiwa bapa. Android ilipokea mfumo wake wa picha hizi kwenye Android 14 mwaka 2023, kwa hiyo shida imehamia huko pia.

Kwa video ni zaidi. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, iPhone hurekodi HDR ya Dolby Vision, na video hizo zikifunguliwa kwenye simu au kompyuta ya zamani hutoka zimepauka au zimeungua. Kama video zako ni za kuuzia bidhaa na wateja wako wana simu za kila aina, ingia mipangilio ya kamera, kurekodi video, uzime HDR. Utapoteza mng'ao kidogo kwenye simu yako, utapata rangi inayofanana kwa kila mtu. Kwa anayejirekodi mwenyewe na familia, aiache ikiwa imewashwa.

Kutuma picha kama hati badala ya picha huilinda isikandamizwe. Kitufe cha HD cha WhatsApp, kilichokuja mwaka 2023, kinasaidia ukali wa picha kuliko kinavyosaidia rangi.

Ikibidi kubadili kioo: vipi kati ya hivi?

Tuseme umepima na kioo ndicho kibovu. Mezani kwa fundi utawekewa vioo ambavyo kwa macho ya haraka vinafanana, bei zikitofautiana sana.

| Kioo | Rangi | Kinachokosekana | Kinamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Cha kampuni, kipya | Kama simu ilivyotoka kiwandani | Hakuna, isipokuwa pesa zako | Anayefanya kazi ya rangi, simu bado mpya |
| Og, yaani kioo halisi cha kampuni, iliyotolewa kwenye simu nyingine | Nzuri, huenda ina uchakavu | Umri wake haujulikani | Anayeweza kukikagua kabla ya kulipa |
| OLED ya kopi | Nyeusi tii, nyeupe huweza kuelemea bluu au kijani | Mwangaza juani, usawa wa rangi | Mtumiaji wa kawaida wa simu ya OLED |
| LCD ya kopi, mafundi huiita inseli | Nyeusi ni kijivu, rangi zimepoa | Betri, wembamba, alama ya kidole kwenye kioo | Simu ya kuuza au ya kumalizia muda |

Kama simu yako ilitoka kiwandani na LCD, maisha ni mepesi: kopi nzuri ya LCD itakaribiana na ya awali, na tofauti ya bei na og huenda isistahili. Mgogoro uko kwenye simu za OLED, kama iPhone X, iPhone 12 na kuendelea (isipokuwa SE ya 2022), na Samsung nyingi za daraja la A50. Ukiweka inseli kwenye simu hizo, unabadilisha teknolojia yenyewe. LCD inahitaji taa nyuma yake, hivyo kioo kinakuwa kinene na hukaa kikiwa kimetokeza kidogo, betri huisha mapema, na ile hali ya giza uliyoiweka ili kuokoa chaji haiokoi tena chochote.

Kumpima fundi hakuhitaji ugomvi. Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, hiki ni og?"

"Og kabisa dada yangu, mzigo wa Dubai huu."

Usibishane. Mwombe akiunganishe kabla hajakigandisha, wakati simu bado iko wazi. Fungua picha nyeusi tupu, ijaze kioo chote, ongeza mwangaza hadi mwisho, kisha kikinge kwa viganja au kiingize chini ya meza penye giza. OLED itakuwa kama imezimwa, nyeusi tii. LCD itawaka kijivu cha moshi, na kwenye kingo utaona mwanga unavuja. Dubai haina uwezo wa kulibadilisha hilo. Baada ya hapo fungua picha nyeupe, punguza mwangaza hadi chini kabisa, utazame kama kuna kona yenye pinki au ukijani. Kopi za OLED hujianika zaidi mwanga ukiwa mdogo. Mwisho kiinamishe kioo pande zote: nyeupe ikibadilika sana kwa ubavu, hiyo si daraja la juu.

Kwa Samsung zenye alama ya kidole ndani ya kioo, kama A50, A51 na A52, kuna kipimo kikali zaidi. Kisoma kidole kiko nyuma ya kioo na kinahitaji OLED inayopitisha mwanga. Inseli haipitishi, hivyo kidole hakitasoma. Fundi akikuambia "hiyo itakubali baadaye ukisasisha", mwambie asubiri na wewe hadi ikubali.

Kwa iPhone uliza jambo moja kabla bisibisi haijagusa simu: True Tone itabaki? Data ya kioo cha awali hukaa kwenye chipu ndogo ya kioo chenyewe. Fundi mwenye kifaa cha kunakili huisoma kutoka kwenye kioo cha zamani na kuiandika kwenye kipya. Asiye nacho atakuambia True Tone si muhimu. Na kioo cha zamani kikishatupwa au kikifa kabisa, hakuna cha kunakili. Baada ya kazi, kuanzia iOS 15.2, sehemu ya maelezo ya simu huonyesha historia ya vipuri. Kwa iPhone 11 na kuendelea kioo kisicho cha Apple hutajwa pale. Hilo ataliona pia yule atakayeinunua simu hiyo kutoka kwako.

Chaguo langu? Kwa simu ya OLED ambayo utakaa nayo zaidi ya mwaka, og iliyotolewa kwenye simu nyingine, ikipita kipimo cha nyeupe na nyeusi, hushinda OLED mpya ya kopi. Kivuli hafifu cha kibodi kwenye kioo halisi kinanisumbua kidogo kuliko nyeupe yenye ukijani ninayoitazama kila ujumbe. Wengine wataona kinyume, hasa wanaotumia simu juani kwenye bodaboda, ambako mwangaza ni kila kitu. Lakini hata hapo kopi haing'ai kama og. Inseli kwenye simu ya OLED ningeiweka kwa sababu moja tu, ya kutoa data na kuiuza simu, na mnunuzi nimwambie.

Kioo kipya au simu nyingine?

Wenye Tecno, Infinix na Itel waanzie Carlcare, kituo cha huduma cha simu hizo, waulize bei ya kioo chao, hata kama hawatatengenezea huko. Bei hiyo inakupa kipimo cha kulinganisha na za mtaani, na kama dhamana bado ipo, kioo chenye kasoro ya kiwandani hakipaswi kukugharimu. Simu ikiwa na alama ya kuanguka, usitarajie hilo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Uliza bei ya kioo kizuri, si cha bei ya chini. Uliza simu yako ingeuzwa shilingi ngapi leo ikiwa nzima. Kioo kikipita nusu ya bei hiyo, na betri nayo imeshachoka, pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye simu nyingine. Kamera ikiwa ndiyo mbovu na kioo ni kizima, hesabu ni tofauti: kamera moja ya nyuma kwa simu nyingi ni nafuu kuliko kioo cha OLED, na kuibadili hakugusi kioo kama fundi anajua kufungua simu bila kukipasua. Muulize hilo la kupasua kabla hajaanza, na mkubaliane nani atalipa.